Kiswahili Chake Hakikuwa na Kosa

Nilifundisha Kiswahili katika skuli za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo kalamu nyekundu haikutoka mfukoni mwangu. Nilipostaafu nikarudi Vitongoji, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, kalamu niliiweka kando lakini macho yalibaki na tabia yake. Nikisoma bango la duka naona kosa. Nikisoma tangazo la msiba naona kosa, kisha najilaumu kwa kuliona. Na nilipoanza kupokea, kama apokeavyo kila mwenye simu nchini, zile jumbe za matapeli, nilizisoma kwa macho hayohayo.

Nilizigeuza kuwa somo la jioni. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, huja kukaa nami barazani baada ya sala ya Isha. Nilikuwa nikimpa simu yangu na kumwambia: "Sahihisha." Naye husoma kwa sauti: "Hongera umeshinda zawadi nono, piga namba hii kuchukua zawadi chako." Tunacheka. Ananieleza kwamba zawadi haiwi chako, na mimi namwongezea kwamba baada ya "hongera" palihitaji alama ya mkato. Kisha namalizia kwa kauli niliyoitunga mwenyewe na kuipenda: "Tapeli hujulikana kwa ngeli." Kampuni yenye ofisi na wahariri, nilimwambia, haiwezi kuandika hivi. Mwizi hana muda wa sarufi.

Aliikariri kauli ile. Aliwafundisha na wenzake skuli. Niliposikia nilifurahi, kwani ni nadra kwa mwalimu mstaafu kupata darasa jipya.

Nayaandika haya kwa sababu kauli ile ilikuwa ya uongo, na gharama yake ililipwa na watu wasio mimi.

Mjukuu wangu ni mchezaji wa michezo ya simu, ile ambayo watu wasiojuana hukutana kwenye kisiwa cha kubuni na kupigana hadi abaki mmoja. Vijana wa Chake Chake na Wete huicheza sawa na vijana wa Dar es Salaam na Mombasa: Free Fire, PUBG Mobile na mfano wa hiyo. Nilikuwa nikiidharau, mpaka aliponieleza kwamba ndani ya michezo hiyo mna fedha. Katika Free Fire, kwa mfano, fedha hiyo huitwa almasi. Hununuliwa kwa shilingi za kweli na kutumiwa kuvisha, kupamba na kumpa silaha yule mtu wa mchezoni. Yeye fedha yake aliipata kwa kuokota karafuu msimu mzima kwenye shamba la jirani, na sehemu ya malipo, kwa idhini ya bibi yake, aliiweka katika mchezo wake. Akaunti ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Kwa mtoto wa miaka kumi na mitano, miaka mitatu ni sehemu kubwa ya maisha.

Usiku mmoja alipokea ujumbe ndani ya mchezo, uliotoka kwa rafiki ambaye hucheza naye kila siku. Baadaye alinionyesha, nami niliunakili kwenye daftari kama ulivyokuwa:

"Ndugu mchezaji, tunakushukuru kwa uaminifu wako. Akaunti yako ni miongoni mwa akaunti zilizoteuliwa kupokea zawadi ya msimu. Ili zawadi yako isipotee, tafadhali thibitisha umiliki wa akaunti kupitia kiungo kilichopo hapa chini kabla ya saa sita usiku."

Wapenzi wa lugha wenzangu, usomeni tena kwa utulivu. "Akaunti zilizoteuliwa": upatanisho umekaa. "Isipotee": dhamira tegemezi katika ukanushi, mahali ambapo wanafunzi wangu wengi walijikwaa. "Kiungo kilichopo": kirejeshi kimesimama pahali pake. Ingekuwa karatasi ya mtihani, ningetia alama zote. Nakiri kwamba hata siku nilipoonyeshwa, baada ya madhara yote kutokea, jambo la kwanza kunijia akilini lilikuwa kujiuliza mwandishi huyu alisomeshwa na nani.

Mjukuu wangu alibonyeza kiungo. Ulifunguka ukurasa wenye rangi na nembo za mchezo wake. Ukamtaka aingie kwa akaunti yake ya Facebook, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia kujiandikisha mchezoni. Akaandika barua pepe yake, akaandika nywila yake. Sekunde chache baadaye simu yake ikapokea ujumbe wa tarakimu sita, wenye onyo kwamba asimpe mtu yeyote tarakimu hizo. Ukurasa ukampa kisanduku cha kuziandika. Akaziandika.

Nilimuuliza kwa ukali: "Hukusoma onyo?"

Akanijibu kwa adabu: "Nilisoma, babu. Liliniambia nisimpe mtu. Mimi sikumpa mtu, niliandika kwenye ukurasa."

Sikuwa na jibu. Alilifuata onyo kwa herufi zake. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba nyuma ya ukurasa ule alikaa mtu, naye alikuwa akizichukua tarakimu zile na kuziingiza kwenye ukurasa wa kweli wakati huohuo, kabla muda wake haujapita.

Usiku uleule mchezo ulimtoa nje na kukataa kumrudisha. Asubuhi jina lake mchezoni lilikwishabadilishwa. Na lau mambo yangeishia hapo, huenda nisingeandika. Lakini aliyeiba ufunguo wa chumba kimoja alikuta ni ufunguo wa nyumba nzima. Kwa kuwa nywila ilikuwa ya Facebook, mwizi aliingia humo, akasoma mazungumzo ya mtoto na jamaa zake, akatujua majina na nasaba, akajua nani anaishi wapi na nani anaumwa nini. Adhuhuri shangazi yake aliyeko Wete alipokea ujumbe:

"Shangazi, shikamoo. Babu amezidiwa, tuko hospitali. Ile pesa ya dawa itume kwenye namba hii, simu yangu imezima."

Shangazi alituma shilingi elfu sitini, ambazo zilikuwa mchango wake wa upatu wa wiki ile. Baada ya kutuma ndipo alipopiga simu yangu, akilia, akitaraji kuipokea mtu mwingine na kumpa habari. Nilipokea mimi mwenyewe, nikiwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha akauliza: "Baba, ni wewe?"

Jioni nilimwita mjukuu wangu. Bibi yake alikuwa amekwishapitisha hukumu kwamba simu ifungiwe kabatini. Nilimuuliza swali moja tu: mtoto niliyemfundisha kuwatambua matapeli tangu yuko darasa la sita, imekuwaje? Aliinamisha kichwa, akasema:

"Babu, Kiswahili chake hakikuwa na kosa."

Simu haikufungiwa kabatini. Kosa lilikuwa la mwalimu.

Tangu siku ile nimejitahidi kufikiri nilipokosea, na nimeona kwamba kosa langu ni la kawaida mno kwetu sisi tunaopenda lugha. Pemba ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, malenga waliojibizana kwa mashairi hata majina yao yakawa kipimo cha ufundi. Tumelelewa tukiamini kwamba ulimi uliotengenea ni dalili ya mtu aliyetengenea. Mgeni akizungumza kwa ufasaha tunamkaribisha ndani kabla hatujamuuliza atokako. Hali wazee walikwisha tuonya kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Tuliisoma methali ile kama sifa ya maneno matamu, tukamsahau nyoka, ambaye baada ya kutoka hupigwa.

Tena kanuni yangu ilikwisha kupitwa na wakati. Zamani tapeli aliyeandika Kiswahili kibovu huenda alikuwa mgeni aliyetumia tafsiri ya mashine, au kijana mwenye haraka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoanza kuenea programu za akili mnemba zinazoandika kama mtu, mwenye nia mbaya hahitaji kujua ngeli. Huiagiza mashine, nayo humpa sentensi safi. Kalamu nyekundu niliyoiamini sasa iko mikononi mwa mwizi pia. Ujumbe wenye makosa bado ni wa kutiliwa shaka, lakini ujumbe usio na makosa haujathibitisha kitu.

Basi msomaji afanye nini? Nilirudi kwenye kile ninachokijua. Niliuchukua ujumbe ule nikausoma tena, safari hii kama ninavyousoma utungo ambao sijamjua mtunzi wake, nikitafuta unataka nini badala ya umekosea wapi. Nikaona mambo ambayo kalamu nyekundu ilikuwa ikiyaruka.

La kwanza ni kituo. Katika shairi, beti zinaweza kuzunguka zitakavyo, lakini kituo ndicho kinachosema jambo. Ujumbe wa tapeli nao una mpango wake. Hufungua kwa heshima: ndugu mchezaji, mteja wetu mpendwa, shangazi shikamoo. Kisha hutia moja kati ya mambo mawili, furaha au khofu: umeteuliwa, au akaunti yako itafungwa, au babu amezidiwa. Kisha huweka muda: kabla ya saa sita usiku, sasa hivi, haraka. Mwisho hufika kwenye kituo, na kituo hakibadiliki. Anataka ufunguo au anataka fedha. Nywila, namba ya siri, tarakimu sita, au pesa. Malenga wetu hujitaja katika beti za mwisho, jina lake na mji wake, hata sanduku lake la posta. Huyu hujificha, akaacha ombi tu. Kwa hivyo sasa namwambia mjukuu wangu asianze kusoma juu. Aanze chini, kwenye ombi. Likiwa ni mojawapo ya yale manne, yaliyo juu yake hayana haja ya kusomwa, hata yakiwa na vina.

La pili ni neno dogo "ile". Watanzania wote wanaujua ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii. Tumeufanyia mzaha mpaka umekuwa kama methali, lakini wachache wamejiuliza kwa nini unafanya kazi. Siri yake imo katika kionyeshi. "Ile" ni kionyeshi cha kitu kilicho mbali, na pia cha kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukizungumzia. Huwezi kusema "ile hela" kwa mtu usiyejuana naye. Anayelisoma neno hilo hudhani yuko katikati ya mazungumzo yaliyokwisha anza. Na kwa kuwa siku yoyote wapo maelfu ya watu wenye deni la kulipa, kodi ya kupeleka au karo ya kutuma, ujumbe mmoja uliotumwa ovyo kwa wengi hautakosa kumwangukia ambaye kweli alikuwa na "ile hela" mkononi. Shangazi hakuwahi kuambiwa habari ya pesa ya dawa. Lakini "ile" ilimfanya adhani amesahau, na mtu anayedhani amesahau huona haya kuuliza. Neno la silabi mbili lilimnyamazisha mwanamke mwenye akili timamu. Sasa kila nionapo kionyeshi kisicho na historia, nauliza: ipi?

La tatu ni anwani, na hapa mjukuu wangu ndiye aliyekuwa mwalimu, nami nikamtafutia mfano. Alinionyesha ile anwani ya ukurasa wa uongo. Ilianza kwa jina la mchezo wake, herufi kwa herufi. Ikafuata nukta, kisha neno lenye maana ya zawadi, kisha nukta, kisha com. Yeye aliliona jina la mchezo mwanzoni, akatulia. Nikamwambia: hapa kwetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, Ali Juma Khamis. Jina la Ali halikuonyeshi nyumba, maana kila nyumba inaweza kumwita mtoto wake Ali. Nyumba huonekana mwishoni. Anwani ya intaneti nayo ni nasaba, ila hutumia nukta. Iondoe ile tamati yake, iwe com au co.tz, kisha tazama jina lililobaki mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza. Hilo ndilo la ukoo, ndilo lililosajiliwa, na yaliyotangulia mbele yake ni majina ambayo mwenye ukoo anaweza kuyabandika apendavyo. Ukurasa ule ulikuwa mtoto wa Zawadi, aliyepewa jina la watu wengine. Na hata ukoo wenyewe usomwe herufi moja moja, kwa sababu wapo wanaoweka tarakimu moja badala ya herufi l, au sifuri badala ya o. Alama ya kufuli iliyo pembeni ya anwani nayo isituzuge. Husema tu kwamba njia ya kwenda kwenye ukurasa imefichwa macho ya wapitao, haisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu.

Lakini usalama mkubwa zaidi ni kutopita mlango ulioletewa. Kampuni za michezo kweli hutoa zawadi na namba za zawadi mara kwa mara, na ndiyo sababu uongo huu unaaminika, umejengwa karibu na ukweli. Akisikia habari ya zawadi, mchezaji auache ujumbe, aufungue mchezo wenyewe kwa mkono wake, atazame humo. Kama zawadi ipo, ataikuta. Na ujumbe kutoka kwa rafiki si dhamana. Rafiki wa mjukuu wangu hakuandika lolote usiku ule, kwani akaunti yake ilikwishaibwa siku mbili kabla, ikawa inatumiwa kuwaita wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine nguo yenyewe imeibwa.

Mtanisamehe nikitia neno la istilahi, maana hapa ndipo mahali pake. Waingereza huuita ulaghai huu phishing, neno lililozaliwa katikati ya miaka ya 1990 huko Marekani, wakati matapeli walipokuwa wakijifanya wafanyakazi wa America Online na kuwaomba wateja nywila zao. Asili yake ni uvuvi, ila herufi ya kwanza imegeuzwa. Sisi tunasema utapeli, ulaghai, hadaa, na wazee walikuwa na neno zuri la ayari. Yote ni sahihi, lakini hakuna linaloonyesha namna ya tendo lenyewe. Wengine hutafsiri kwa kutaja ndoana. Mimi niliyekulia karibu na bahari ya Vitongoji naona ndoana si mfano wake. Ndoana ina mvuvi upande wa pili, naye huvuta. Ukurasa wa uongo hauvuti. Unafanana na dema. Dema husukwa kwa fito nyembamba, likawa na mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Likishatiwa chambo na kuzamishwa, mvuvi hurudi nyumbani akalala. Samaki huingia mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuguswa na mtu, na kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Kwa hivyo nyumbani kwangu tunaliita dema. "Babu, nimeletewa dema," huniambia mjukuu wangu, na sote tunajua ni kitu gani. Walioko BAKIZA na BAKITA wakitaka kulichukua, nawapa bure.

Kuna neno jingine la zama hizi linalonishughulisha. Mwaka 2024 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa dhidi ya utapeli wa mitandaoni, ikapewa jina Sitapeliki. Kama mwalimu, nililipenda mara moja. Ni sentensi kamili katika neno moja. Mna nafsi na ukanushi katika si-, mna mzizi ambao silabi yake ya kwanza inajifanya kiambishi cha wakati ujao, mna kauli ya kutendeka, na mna irabu ya mwisho ya ukanushi. Msemaji hasemi kwamba hatatapeliwa kesho, anasema kwamba hatapeliki kabisa, kama chuma kisivyopindika. Ni neno zuri la kumpa mtu ujasiri, na kampeni ile ina faida. Lakini nyumbani kwangu tulikuwa tunalisema kwa vitendo kabla halijatungwa, na ujasiri huo ndio uliotuponza. Aliyejiona hatapeliki alibonyeza bila kusita, kwa sababu alikuwa amekwisha pima ngeli na kuridhika. Mimi leo nasema natapelika. Natapelika nikiwa na haraka, natapelika nikisifiwa, natapelika nikihofia mtu nimpendaye. Anayekiri hivyo husita, na katika mambo haya kusita dakika mbili ni ngao.

Sasa niseme tulifanya nini, huenda ikamfaa mwenye kupatwa na kama hayo. Tuliandika ushahidi wote kabla ya kufuta chochote: ujumbe, anwani ya ukurasa, namba iliyopokea fedha, saa na tarehe. Shangazi aliwapigia mtandao wake wa simu kwa namba 100, lakini fedha ilikwishatolewa. Namba ya tapeli tuliiripoti kwa 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, kisha tukaripoti polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayataja yote mawili, udanganyifu wa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Kila mmoja nyumbani alibonyeza *106# kuangalia kama kuna laini isiyo yake iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mjukuu wangu aliifufua akaunti ya Facebook kupitia barua pepe yake, ambayo kwa bahati ilikuwa na nywila tofauti. Akabadilisha nywila, akazitoa simu na kompyuta zote zilizokuwa zimeingia, akaweka uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu maalumu badala ya ujumbe wa simu. Kisha akawaandikia jamaa wote, mmoja mmoja, kuwaambia yaliyotokea. Hiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote. Mtoto aliona haya, na haya ndiyo rafiki mkubwa wa tapeli, maana aliyetapeliwa akinyamaza, jirani yake hubaki bila habari.

Akaunti ya mchezo haikurudi. Aliwaandikia wenye mchezo na kuwapelekea risiti za alichonunua, lakini alikuwa amekwisha zifuta nyingi. Kila risiti sasa huihifadhi. Fedha ya shangazi niliirudisha mimi, kutoka kwenye pensheni. Aliikataa mara mbili, mara ya tatu akaipokea, kwa kuwa upatu haumsubiri mtu.

Liliobaki lilikuwa la kwetu sote. Tuliafikiana kwamba katika ukoo huu, ombi la fedha kwa maandishi halijibiwi kwa fedha. Hujibiwa kwa kupiga simu. Mjukuu wangu akatuonya kwamba siku hizi hata sauti huigizwa na mashine, basi simu peke yake haitoshi. Tukakaa kimya. Ndipo bibi yake, ambaye hatumii simu janja na aliyetaka zifungiwe zote kabatini, aliposema: "Si mtege kitendawili?"

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Kitendawili ni kufuli ya zamani kuliko zote tulizo nazo. Anayetega anajua jibu, anayetegua lazima awe wa nyumbani, na asiyejua hutakiwa kutoa mji. Tukatunga kimoja kipya, kisichokuwamo kitabuni wala kwenye mtandao, chenye jibu linalotokana na tukio la nyumba hii ambalo waliokuwapo tu ndio wanaolikumbuka. Hakikuandikwa popote. Mtu akiomba fedha, hata akiwa na sauti yangu, huambiwa: "Kitendawili."

Mwezi uliopita nilikuwa Chake Chake nikaishiwa na nauli. Nilimpigia mjukuu wangu anitumie shilingi elfu tano kutoka kwa bibi yake. Akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza hali ya mji, kisha akasema: "Kitendawili, babu."

Nikasema: "Tega."

Akatega. Jua lilikuwa kali, nami kwa uzee nikasahau jibu. Nilisimama stendi nikifikiri kwa muda mrefu, naye akanisubiri kimya, wala hakunisaidia hata silabi moja. Nilipolikumbuka, fedha ilifika.

Darasa hilo ndilo ninalojivunia.